Habari za Wazee Wetu wa Ruangwa na Nachingwea

Wahenga walisema, "Mkataa kwao mtumwa." Methali hiyo nimeisikia tangu utoto, nami niliwahi kuwasuta wengine kwayo kabla sijajua kuwa ingenirudia mwenyewe. Maelezo haya ni habari za wazee wa ukoo wetu, wakulima wa nchi ya Wamwera, kusini ya Tanzania. Hawakuwa wafalme wala majumbe. Hawakuandika kitabu, wala majina yao hayakuandikwa katika vitabu vya watu wengine. Walilima mtama, mihogo na ufuta baina ya Ruangwa na Nachingwea, wakazaa, wakafa, wakazikwa. Majina yao ninayo katika daftari, lakini sitayatangaza hapa, maana si mali yangu peke yangu. Nitawataja kwa ujamaa wao tu, na kwa kuwa si wengi, msomaji hatapotea.

Nalianza kazi hii mwaka 1996, nilipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Wakati wa likizo nilikwenda Ruangwa kwa bibi yangu, mama wa mama yangu, nikiwa na daftari jipya na kalamu mbili. Nilimkuta uani akipepeta ufuta, nikamweleza shauri langu. Bibi, ambaye alizoea kuniita mume wake kwa utani kama ilivyo desturi ya bibi na mjukuu, aliniambia, "Mume wangu, wazee hawatajwi na mtu aliyekaa bure. Shika ungo." Basi nikashika ungo, na daftari likalala chini hata magharibi. Ndivyo zilivyokuwa siku zote za kazi yetu: mchana tulipepeta na kupura, na usiku niliandika kwa mwanga wa koroboi yale niliyoweza kuyakumbuka.

Yafaa nieleze kwanza maana ya ukoo kwetu. Katika nchi nyingi mtoto ni wa baba. Kwa Wamwera, kama kwa jirani zao Wamakonde, Wamakua na Wayao, mtoto huhesabiwa kwa mama. Ukoo wa namna hiyo Wayao huuita lukosyo, Wamakonde litawa, na Wamakua nihimo. Zamani mume alihamia kwao mke, akajenga huko na kulima huko, na watoto waliozaliwa walikuwa wa mama na wa kaka yake mama, yaani mjomba. Mjomba ndiye aliyewaoza, ndiye aliyesimama katika kesi zao, na mali yake ilirithiwa na wapwa, si na wanawe. Baba alipendwa na kuheshimiwa, lakini katika hesabu ya ukoo alikuwa mgeni. Kwa hiyo mtu akitaka kuijua nasaba yake hupanda kwa mama, kisha kwa mama wa mama, kisha kwa mama wa huyo, mpaka kumbukumbu ikome. Na kando ya kila mwanamke katika ngazi hiyo husimama kaka yake, maana mwanamke asiye na kaka ni kama nyumba isiyo na nguzo.

Ugumu wa kazi hii haukuwa uchache wa majina bali wingi wake. Mvulana alipewa jina alipozaliwa, akaliacha jandoni na kupewa jingine. Aliposilimu akaongeza la tatu. Tena mzee mwenye cheo alipokufa, mpwa wake alirithi jina pamoja na cheo. Ndivyo jina la Matola wa Newala lilivyochukuliwa na mtu zaidi ya mmoja. Mtafiti asiyeijua desturi hiyo huweza kudhani kuwa watu watatu ni mtu mmoja aliyeishi miaka mia na hamsini. Wala miaka haikuhesabiwa kwa tarakimu. Bibi alihesabu kwa vita, kwa njaa na kwa kazi za serikali, nami nikautafuta mwaka wa kila jambo vitabuni.

Mwanzo wa orodha yake ulikuwa mwanamke aliyefungua shamba karibu na kijito kimoja kiingiacho Mto Mbwemkuru. Huyo alizaa mtoto wa kiume na mtoto wa kike. Waliishi katika zama za hofu, wakati Wangoni, ambao huku waliitwa Magwangara, walipokuwa wakivamia nchi. Katika mwaka 1882 waliishambulia Masasi. Yule mwanamume alizaa binti, na binti huyo ndiye mama wa bibi yangu. Alikuwa msichana mdogo Vita vya Maji Maji vilipofika Umwera, Agosti 1905. Misheni ya Nyangao iliteketezwa mwezi huo, na Wajerumani walipolipiza kisasi waliteketeza vijiji na maghala ya chakula, hata njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Yeye alisalimika kwa kuchimba ming'oko porini.

Bibi mwenyewe alizaliwa mwaka wa mizinga ya Mahiwa, yaani 1917. Mwezi wa Oktoba mwaka huo majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalipigana siku nne pale Mahiwa, karibu na Nyangao. Pande zote mbili ziliwatwaa wanaume kuwa wapagazi na mazao ya wakulima kuwa posho. Baba yake bibi alichukuliwa kubeba mizigo, hakurudi.

Mama yangu alizaliwa mwaka wa matingatinga. Katika mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga mahali patatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Misitu ya Nachingwea iling'olewa kwa matrekta na minyororo, reli ikajengwa kutoka pwani, na bandari ya Mtwara ikaanzishwa. Mpango ulivunjwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza paundi zipatazo milioni 36. Reli nayo iling'olewa baadaye. Leo Nachingwea kuna kata iitwayo Stesheni, lakini garimoshi hakuna. Hata hivyo katika ukoo wetu mpango ule haukupotea bure. Babu, mume wa bibi, alifanya kazi ya kung'oa visiki Nachingwea, na kwa mshahara wake alinunua baiskeli na mbegu za korosho. Mbegu hizo alizipanda Ruangwa, yeye na bibi, katika shamba la ukoo wa mkewe.

Mimi nilizaliwa 1972, mwaka mmoja baada ya Mkoa wa Lindi kutengwa na Mkoa wa Mtwara. Nilikuwa mgongoni mwa mama tulipohamishiwa katika kijiji cha ujamaa, mwaka 1974. Mahame yalibaki nyuma pamoja na makaburi na mikorosho. Jambo hilo halikutupata sisi peke yetu. Korosho za Tanzania, zilizofika tani 145,000 hivi katika msimu wa 1973/74, zilishuka hata chini ya tani 20,000 katika msimu wa 1986/87, na sababu mojawapo ilikuwa hiyo, kwamba wenye miti walikaa mbali na miti yao, na pori likaifunika.

Huo ndio ukoo wetu kama bibi alivyonitajia mara ya kwanza: vizazi sita, kutoka kwa yule mwanamke wa kijitoni mpaka kwangu. Msomaji makini labda amekwisha kuona kosa. Mimi sikuliona mpaka niliporudi chuoni nikaichora orodha ile kwa mfano wa mti. Kila mahali ngazi ilipanda kwa mama. Mahali pamoja tu ilipita kwa mwanamume. Binti wa mwanamume yule, kwa desturi yetu, alipaswa kuwa wa ukoo wa mama yake. Lakini yeye alihesabiwa katika ukoo wa baba yake, nasi sote kwa njia yake. Mama yake alikuwa nani?

Nikakumbuka jambo jingine. Bibi alikuwa Mwislamu aliyeshika sala tano, lakini kila mwaka kabla ya kulima alikwenda katika mahame, akanyunyiza unga wa mtama chini ya mti, akawaita wazee kwa majina. Mwisho wa majina alisema daima, "Na wewe uliyekuja kwa miguu." Nalidhani ni maneno ya heshima tu, ya kufungia maombi.

Katika likizo ya mwaka 1998 nilimwuliza. Alinyamaza kitambo kirefu, kisha akasema, "Hakuwa na kaka." Nikangoja. Usiku ule na usiku uliofuata alinipa habari iliyobaki, akinikatiza kila nilipotaka kuandika.

Nchi zetu zilipitwa na njia za misafara kutoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa na Lindi. Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873, na mwaka 1876 akaikataza misafara ya watumwa bara, lakini biashara ya siri iliendelea kwa miaka mingi baadaye. Yule mwanamume wa ukoo wetu alikuwa akipeleka mpira wa mwitu Lindi. Siku moja alipokuwa akirudi alikutana na msafara uliokuwa ukishuka pwani, na ndani yake msichana aliyevimba miguu, asiyeweza kuendelea. Alimnunua kwa nguo. Sisemi kwamba alimwokoa; alimnunua. Akamleta kwao, akamfanya mke. Hakutoa mahari, kwa kuwa hapakuwa na wa kuipokea. Walizaa mtoto mmoja wa kike. Mtoto huyo hakuwa na mjomba, na asiye na mjomba hana ukoo. Basi ukoo wa baba yake ukamchukua kuwa wake.

Baadaye nilisoma kwamba mambo haya yalikuwa ya kawaida kwa Wayao na jirani zao. Mwanamume aliyeoa mwanamke huru aliwazalia wakwe zake watoto. Aliyeoa mwanamke wa kununuliwa aliwapata watoto kuwa wake mwenyewe na wa ukoo wake. Kwa hiyo upweke wa mwanamke ulikuwa ndiyo thamani yake. Sheria ya kufuta utumwa katika Tanganyika ilitoka mwaka 1922, lakini sheria haiwezi kumrudishia mtu kaka.

Nilimwuliza bibi jina lake. Alisema, "Jina aliloitwa hapa alipewa hapa. Jina la kwao alimwambia mama yangu mara moja, na mama yangu alikuwa mtoto, akalisahau. Alilia kwa ajili ya hilo mpaka uzeeni." Habari hizo niliziandika katika karatasi moja ya daftari, pande zote mbili. Bibi alifariki mwaka 2001.

Sasa nafikia sehemu ambayo ningependa kuiacha. Ruangwa ilikuwa imekwisha kuwa wilaya tangu mwaka 1995, barabara zilifunguka, na mahame ambayo hayakutakiwa na mtu yakaanza kutazamwa kwa macho mapya. Watu walirudi kusafisha mikorosho ya wazee wao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ilizipa mila nafasi katika haki za ardhi ya kijiji, na kwa hiyo swali la nani mwana wa nani likawa swali la mali. Katika mwaka 2003 jamaa zetu, wazao wa dada yake yule mwanamume, walidai shamba la bibi. Walisema kwamba wao ndio ukoo wenyewe, kwa kuwa wao hupanda kwa mama mpaka juu bila kukatika.

Mjomba wangu, kaka wa mama, alinijia jioni. Alisema, "Mpwa wangu, nimesikia kuna karatasi katika daftari lako. Karatasi hiyo ikisomwa barazani, mama yako atakuwa mgeni katika shamba aliloachiwa na mama yake. Fikiri." Hakuniambia niichane. Hilo nalisema wazi, ili lawama isimfuate asiyestahili. Usiku ule niliingia jikoni mwa mama, nikaichana karatasi ile, nikaitia motoni. Kisha nikachora upya mti wa ukoo, na mahali pa mwanamke yule nikaandika jina la dada wa mwanamume, kana kwamba binti alizaliwa naye. Ilikuwa kazi nyepesi. Mistari miwili ilitosha.

Asubuhi baraza lilikaa. Daftari lilikuwa mkobani mwangu, na hapana mtu aliyeliuliza. Mzee mmoja aliuliza swali moja tu: mikorosho ile ilipandwa na nani? Wote walijua, wadai pamoja na wadaiwa, kuwa ilipandwa na bibi na babu kwa fedha ya Nachingwea. Na kwa mila yetu mti ni wa aliyeupanda. Shamba likabaki kwa mama, na mahali pa makaburi pakawa pa wote. Watu wakala ugali pamoja, wakaondoka.

Kwa miaka minane nilijiambia kwamba nilifanya la busara. Kilichonisumbua kilitoka mbali. Nilikuwa nikisoma maandishi ya nasaba za wakulima wa Marekani, watu wa Iowa na Illinois, ambao kwa subira kubwa wamewafuata babu zao kwa vitabu vya kanisa, hati za mashamba, mawe ya makaburi, na hesabu ya watu ambayo serikali yao imeifanya kila miaka kumi tangu 1790. Niliwaonea wivu. Kisha nikasoma kwamba katika hesabu za mwaka 1850 na 1860 watu huru waliandikwa kwa majina, na watumwa, isipokuwa wachache sana, waliandikwa chini ya jina la mwenye kuwamiliki, kwa umri, jinsia na rangi tu. Wengi wa watu hao majina yao yalionekana kwa mara ya kwanza katika hesabu ya mwaka 1870. Wazao wao leo, wakipanda ngazi ya nasaba, hugonga ukuta hapo. Niliwahukumu makarani wale kwa ukali. Halafu nikatambua kuwa karani wa kwetu alikuwa mimi, na kwamba nilikuwa nimefanya baya zaidi yao, maana wao waliandika angalau umri.

Mwaka 2011 nilimwungamia mama. Alikuwa akibangua korosho mafigani, na hakuacha kazi yake. Aliniuliza, "Ulidhani sisi hatujui? Wanawake wote wa ukoo wanajua, wa tawi letu na wa tawi la pili. Tuliambiwa unyagoni. Namna tulivyoambiwa sitakueleza, kwa kuwa wewe ni mwanamume." Nikamwuliza kwa nini basi wanawake wa tawi la pili hawakusema barazani. Akajibu, "Waseme nini? Mtoto akishatiwa katika ukoo hatolewi. Wanaume wao walitaka korosho, lakini hata wao hawakuthubutu kulitamka neno lile." Kisha akaongeza maneno ambayo mpaka leo sijapata jibu lake: "Mwanangu, yule alikwisha kupotezwa mara moja na watu asiowajua. Mara ya pili amepotezwa na mjukuu wake."

Basi methali ilinirudia. Kumbe mtumwa aliyetajwa na wahenga si lazima awe yule aliyenunuliwa. Mwanamke yule hakukataa kwao. Alinyang'anywa kwao, na jina la kwao alilihifadhi mpaka alipompa mwanawe, ijapokuwa mkono uliopokea ulikuwa mdogo. Aliyekataa kwao ni mimi, mtu huru, mwenye elimu na daftari, kwa sababu ya hofu ya mikorosho ambayo hapana aliyeweza kuichukua.

Najua watakaosema kwamba habari kama hizi hazifai kutolewa nje ya nyumba. Hoja yao si ndogo. Neno "mtumwa" bado linauma, na nasaba imewahi kutumiwa kama kisu cha kuwatenga watu katika mashamba na katika ndoa. Ndiyo maana nimeyaficha majina, na kabla ya kuandika nalimwomba ruhusa mama na wazee wa tawi la pili. Lakini kuficha jina kwa idhini ya wenyewe ni jambo moja, na kumfuta mtu ni jambo jingine. Nasaba ambayo ndani yake hamna fedheha, njaa wala biashara ya watu, kwa nchi ya kusini, yafaa itiliwe shaka. Aghalabu imepita mikononi mwa karani kama mimi.

Kwa wanafunzi wanaokusudia kuandika habari za wazee wao nina maneno mawili tu. Mahali ngazi inapobadilisha mwendo wake ghafula, msipite upesi. Hapo ndipo alipo mtu. Tena, msiwaulize wanaume peke yao.

Karatasi ile nimeiandika upya katika daftari lile lile, na mahali penye mabaki ya ile iliyochanika nimeibandika kwa gundi. Si nzuri kama ya kwanza, maana maneno ya bibi mengine yamenitoka. Imeandikwa hivi: "Mwanamke. Alikuja kwa miguu kutoka upande wa Nyasa, akiwa bado msichana. Jina la kwao halijulikani. Alinunuliwa kwa nguo. Alizaa binti mmoja. Hakuwa na kaka. Sisi ni wake."

Mwaka huu, kabla ya mvua, tulikwenda katika mahame. Mama hawezi tena kulima, lakini aliweza kunyunyiza unga. Alitaja majina kwa taratibu, na alipofika mwisho alinitazama, akaniachia mimi neno la kufungia. Nikalisema.